"Mimi Silewi": Kauli za Mnywaji Katika Mizani ya Sharia

Kila sifa njema anastahiki Allah (s.w.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake, Maswahaba zake na wote wenye kuwafuata kwa wema mpaka Siku ya Malipo.

Ama baada ya hayo. Uharamu wa ulevi ni katika mambo yanayojulikana katika dini kwa dharura. Hata mtoto anayeanza chuo anaujua. Pamoja na hivyo, katika mitaa yetu wapo Waislamu wanaokunywa, na tukiwasikiliza vizuri tutaona kwamba walio wengi miongoni mwao hawasemi kuwa pombe ni halali. Wanasema maneno mengine. Mmoja atakwambia: "Mimi nakunywa lakini silewi, najua kipimo changu." Wa pili, aliyemtukana mkewe usiku au kumtamkia talaka, atasema asubuhi: "Sikuwa mimi, ilikuwa pombe." Na wa tatu, ukimkaribisha msikitini, atajibu: "Mimi nishaharibika, sala yangu haikubaliwi, nije kufanya nini?"

Kauli zote tatu si hoja juu ya pombe. Ni hoja juu ya nafsi ya mnywaji mwenyewe: ya kwanza anaisifu nafsi yake, ya pili anaitetea, na ya tatu anaikatia tamaa. Imamu anayemsomea mtu huyu aya ya uharamu peke yake huwa hajamjibu, kwa sababu hilo hakulibishia. Katika makala hii tumekusudia kuzipima kauli hizi moja baada ya moja kwa Qur'ani, Sunna, maneno ya wanazuoni na yale yaliyopita katika historia ya umma huu, ili ibainike kwa nini Sharia haikumwachia mnywaji awe hakimu wa hali yake.

Waliojihukumu kabla ya kuhukumiwa

Waarabu wa zama za Jahiliya walikuwa watu wa kunywa. Walikuwa na mvinyo wa zabibu uliotoka Sham na Taif, na vinywaji vya tende vya Madina na viunga vyake. Walijifakhiri kwa ulevi na kuuhesabu kuwa ni ukarimu na ushujaa. Hata hivyo, vitabu vya historia na wasifu wa Maswahaba vimehifadhi majina ya watu walioukataa kabla ya kuja katazo lolote.

Miongoni mwao ni Abubakar na Uthman (r.a.), ambao imepokewa kuwa hawakuonja ulevi si katika Jahiliya wala katika Uislamu. Mwengine ni Abbas bin Mirdas, aliyeulizwa kwa nini hanywi, na maana ya jibu lake ni kwamba hakuridhia apambazukiwe akiwa bwana wa kaumu yake na achwewe akiwa mjinga wao. Na Qays bin Asim, mkuu wa Banu Tamim, alijiharamishia ulevi baada ya kusimuliwa aliyomtendea binti yake akiwa amelewa.

Tunajifunza nini hapa? Watu hawa hawakuwa na aya mkononi. Walichokuwa nacho ni kumtazama mlevi, na Qays alifika mahali pa kujitazama mwenyewe kwa macho ya wengine. Wala hakuamini kipimo chake: hakusema kwamba siku hiyo alizidisha na kwamba mara nyingine atapunguza. Alielewa kwamba aliyekuwa akikadiria kipimo ni akili yake, na kwamba akili hiyo ndiyo ya kwanza kuondoka.

Mafunzo ya miaka ya Madina

Uislamu haukuharamisha ulevi kwa siku moja. Bibi Aisha (r.a.), kama ilivyo katika Sahihi ya Bukhari, ameeleza kwamba mwanzo zilishuka sura zinazotaja Pepo na Moto, na nyoyo za watu zilipotulia katika Uislamu ndipo ikashuka halali na haramu. Akabainisha kuwa lau katazo la ulevi lingekuwa la kwanza kushuka, watu wangesema hawatauacha abadani.

Makka ilishuka aya ya 67 ya Suratun Nahl, inayotaja kuwa watu hupata kutokana na mitende na mizabibu kileo na riziki njema. Wafasiri wamezingatia kwamba wema umetajwa kwa riziki na haukutajwa kwa kileo. Kisha Madina ikashuka aya ya 219 ya Suratul Baqara, ikibainisha kuwa katika ulevi na kamari mna dhambi kubwa na manufaa kwa watu, na kwamba dhambi yake ni kubwa kuliko manufaa. Wapo walioacha hapo hapo, na wapo walioendelea.

Katika kipindi hicho ndipo lilipotokea tukio ambalo Bukhari na Muslim wamelipokea kutoka kwa Ali bin Abi Talib (r.a.) mwenyewe. Ali alikuwa na ngamia majike wawili, mmoja akiwa ni fungu lake la ngawira ya Badri na wa pili akiwa amepewa na Mtume (s.a.w.) katika khumsi. Alikuwa anajiandaa kumwoa Bibi Fatima (r.a.), naye aliafikiana na sonara mmoja wa Banu Qaynuqa waende kuleta nyasi za idhkhir, awauzie masonara na apate cha kufanyia karamu ya arusi. Alipokuwa akikusanya matandiko na kamba, alirudi akakuta ngamia wake wamekatwa nundu, wamepasuliwa mbavu na kutolewa maini. Akauliza ni nani aliyefanya hivi. Akaambiwa: ni Hamza bin Abdul Muttalib, yumo nyumbani akinywa pamoja na kikundi cha Ansari.

Ali akaenda kushitaki kwa Mtume (s.a.w.). Mtume akavaa joho lake akaondoka, Ali na Zayd bin Haritha wakimfuata. Alipoanza kumlaumu Hamza, Hamza alikuwa macho yamemwiva. Akamtazama Mtume magotini, akapandisha macho mpaka kitovuni, kisha usoni, akatamka maneno ya kuwafanya wote waliosimama mbele yake kuwa si lolote ila watumwa wa baba yake. Mtume (s.a.w.) akatambua kuwa amelewa, akarudi kinyumenyume, wakatoka.

Huyu ni Hamza (r.a.), simba wa Allah, ami yake Mtume, aliyemtetea Makka wakati watetezi walikuwa wachache, na ambaye punde baadaye angekufa shahidi Uhud katika mwaka wa 3 Hijria. Na ulevi wakati huo ulikuwa bado haujaharamishwa, hivyo hana lawama ya kuasi katazo. Hatulitaji tukio hili kumpunguzia daraja yake, Allah atukinge. Tunalitaja kwa sababu ya swali linalomhusu kila anayesema "mimi najijua": ikiwa kinywaji kilimfikisha Hamza mahali pa kutomtambua Mtume wa Allah, nani baada yake atajidhamini?

Kisha yakatokea mengine. Watu walikula na kunywa katika karamu ya Abdulrahman bin Awf (r.a.), wakati wa sala ukaingia, na aliyewasalisha akaichanganya Suratul Kafirun hadi maana ikageuka. Ikashuka aya ya 43 ya Suratun Nisaa kuwakataza walioamini kuikaribia sala wakiwa wamelewa mpaka wayajue wanayoyasema. Saad bin Abi Waqqas (r.a.) naye, kama alivyopokea Muslim, alikuwa na Ansari waliokunywa pamoja, wakafika kushindana nani bora, Muhajirina au Ansari, na mtu mmoja akampiga kwa mfupa wa taya la ngamia akamjeruhi pua. Umar bin Al-Khattab (r.a.) alikuwa kila mara akimwomba Allah awape ubainifu wa kutosheleza juu ya ulevi.

Ubainifu huo ukaja katika aya ya 90 na 91 za Suratul Maida. Ulevi ukatajwa pamoja na kamari, masanamu na mishale ya kupigia ramli, ukaitwa uchafu na kazi ya shetani, na ikaamrishwa kujitenga nao. Kisha ikatajwa sababu: shetani anataka kutia uadui na chuki baina ya watu, na kuwazuia na kumkumbuka Allah na sala. Aya ikaishia kwa kuuliza kama watakoma. Umar alipoisikia akajibu kwamba wamekoma. Wanazuoni wamehitilafiana kuhusu mwaka: wapo waliosema ni wa 4 Hijria, na Ibn Hajar ameelekea kwenye mwaka wa 8, wa Ufunguzi wa Makka. Anas bin Malik (r.a.), aliyekuwa akiwanywesha watu nyumbani kwa Abu Talha, anasimulia kuwa mpiga mbiu alipotangaza, Abu Talha alimwamuru akakimwage kinywaji, na ulevi ukatiririka katika vichochoro vya Madina.

Zingatia, ewe ndugu, mpangilio huu. Pua iliyojeruhiwa, ngamia waliochinjwa, sala iliyoharibika: kila kimoja kilitangulia kuonekana. Katazo liliposhuka liliwakuta watu walioyaona kwa macho yao yale ambayo aya inayataja.

"Najua kipimo changu"

Turudi sasa kwa mnywaji wa kwanza. Huyu anadhani kilichoharamishwa ni kulewa, na kwa kuwa yeye anajiona halewi, basi jambo lake ni jepesi.

Jibu la kwanza ni kwamba hukumu imefungwa kwenye kinywaji na si kwenye mnywaji. Amepokea Jabir bin Abdillah (r.a.) kutoka kwa Mtume (s.a.w.), katika Sunan za Abu Dawud, Tirmidhi na Ibn Majah, kwamba kitu ambacho kingi chake hulevya, kidogo chake nacho ni haramu. Abu Musa Al-Ash'ari (r.a.) alipotumwa Yemen aliuliza kuhusu vinywaji viwili vya huko, bit'u ya asali na mizri ya shayiri, akajibiwa kuwa kila kilevi ni haramu. Na Umar alihutubu juu ya mimbari akieleza kuwa ulevi ulipoharamishwa ulikuwa ukitengenezwa kwa vitu vitano: zabibu, tende, asali, ngano na shayiri, na kwamba khamri ni kila kinachoifunika akili.

Kwa uadilifu wa kielimu hatuna budi kutaja kwamba hapa palikuwa na khitilafu. Imamu Abu Hanifa na mwanafunzi wake Abu Yusuf waliona kuwa hukumu kali ya kidogo na kingi inaihusu khamri ya zabibu na baadhi ya vinywaji vya tende na zabibu, ama vinywaji vya nafaka na asali wakaharamisha kiasi kinacholevya, mradi visinywewe kwa mchezo. Mwanafunzi wake wa pili, Muhammad bin Al-Hasan, alikwenda kinyume naye akaafikiana na jumhuri ya Malik, Shafi na Ahmad, na Wahanafi wa zama za baadaye wakatoa fatwa kwa kauli yake, kwa hoja kwamba watu wamefisidika na hunywa kwa ajili ya kulewa tu. Kwa hiyo hata katika madhehebu ambayo mlango uliachwa wazi kidogo, wenyewe waliufunga walipoona nani anapitia humo. Anayetafuta hifadhi leo katika khitilafu ile hatapata pa kusimama.

Jibu la pili ni kwamba hoja za hali ya mtu binafsi zililetwa mbele ya Mtume mwenyewe na hazikupokewa. Daylam Al-Himyari (r.a.), kwa riwaya ya Abu Dawud, alieleza kuwa wao wako katika nchi ya baridi na kazi nzito, na wana kinywaji cha ngano cha kuwapa nguvu. Akaulizwa neno moja: je, kinalevya? Aliposema ndiyo, akaamrishwa wajiepushe nacho. Tariq bin Suwayd (r.a.) alisema anautengeneza kwa ajili ya dawa, akaambiwa kwamba huo ni ugonjwa na si dawa, kama ilivyo kwa Muslim.

Na katika zama za Umar, Qudama bin Madh'un (r.a.), mtu wa Badri na gavana wa Bahrain, alishitakiwa kwa kunywa. Akajitetea kwa aya ya 93 ya Suratul Maida, inayosema kuwa hapana dhambi kwa walioamini na kutenda mema katika walivyokula, ikiwa wanamcha Allah. Umar akamwonesha kwamba amekosea tafsiri, kwani angemcha Allah angejiepusha na alichokiharamisha. Akamsimamishia haddi, ingawa alikuwa shemeji yake. Kutanguliwa na mema mengi hakukumfanya mtu awe na kipimo cha peke yake.

Jibu la tatu linatoka kwa madaktari, nalo linashabihiana na jambo alilolifahamu Qays bin Asim. Kileo huathiri mapema sehemu ya mbele ya ubongo, inayohusika na kupima mambo na kujizuia, kabla mtu hajaanza kupepesuka. Maana yake ni kwamba anayejiuliza "nimelewa au bado?" anauliza kwa chombo ambacho tayari kimeguswa. Ama suala la kiasi salama, Ofisi ya Ulaya ya Shirika la Afya Duniani ilitangaza Januari 2023 kwamba hakuna kiwango cha unywaji kisicho na madhara kwa afya, na ripoti ya shirika hilo ya mwaka 2024 ilikadiria vifo milioni 2.6 duniani kwa mwaka 2019 vilivyotokana na pombe. Sisi hatuachi ulevi kwa sababu shirika limesema. Lakini ni vyema anayedai kipimo ajue kwamba hata wasioifuata Sharia wameacha kukitafuta.

Na huku Pwani kwetu pana suala linaloulizwa mara nyingi kuhusu tembo la mnazi. Maji ya mnazi yanapogemwa huwa matamu na hayalevyi. Kwa joto letu huanza kuchacha ndani ya saa chache, hasa kibuyu kikiwa na masalia ya jana. Wapo wanaojengea hoja hadithi ya Ibn Abbas (r.a.) kwa Muslim, kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akirowekewa zabibu, akanywa siku hiyo, ya pili na ya tatu, kisha kilichobaki hakukinywa. Hoja yao si sahihi. Siku zile zilikuwa ni tahadhari kwa kinywaji kile katika mazingira yale. Kinachozingatiwa si idadi ya siku bali ni kulevya. Tembo tamu ni halali, na likishageuka kuwa la kulevya ni haramu hata kama liligemwa alfajiri ya leo. Na mwenye shaka, aliache.

"Sikuwa mimi, ilikuwa pombe"

Mnywaji wa pili anakiri kuwa alilewa, lakini anataka aliyoyatenda yahesabiwe kuwa ya mwengine.

Maswahaba hawakuyachukulia mambo hivyo. Umar alipotaka ushauri kuhusu adhabu ya mnywaji, Ali alijenga rai yake juu ya mfuatano wa tabia, kama ilivyo katika Muwatta ya Imamu Malik: mtu akinywa hulewa, akilewa huweweseka, na akiweweseka husingizia watu uongo. Ndipo adhabu ikafikishwa mijeledi 80, mfano wa haddi ya kusingizia zinaa. Mashafi wamesimama kwenye 40 kuwa ndiyo haddi, na kilichozidi kuwa ni taazir kwa rai ya kiongozi, kwa sababu imethibiti kwa Muslim kuwa Mtume (s.a.w.) na Abubakar walipiga 40. Kilichotuhusu hapa ni kwamba neno chafu la mlevi lilionekana tangu mwanzo kuwa ni tunda la kitendo alichokichagua akiwa na akili. Tunakumbusha pia kuwa haddi husimamishwa na mtawala baada ya kuthibiti mbele ya kadhi, na si kazi ya vijana wa mtaa.

Watafiti wa zama hizi wamefikia jambo la karibu. Mwaka 1969 Craig MacAndrew na Robert Edgerton walitoa kitabu chao, Drunken Comportment, wakionesha kwamba tabia za walevi hutofautiana baina ya jamii na jamii, na kwamba mtu hujifunza kutoka kwa wenzake namna ya kuwa mlevi na lipi atasamehewa akilewa. Mwaka 1975 lilichapishwa jaribio la Alan Lang na wenzake, ambamo watu walioaminishwa kuwa wamekunywa pombe walizidisha ukali hata pale walipokuwa hawakupewa pombe. Hatusemi kuwa kileo hakina athari yake mwilini. Inayo, nasi tumekwisha kuitaja. Tunasema sehemu ya ukorofi wa mlevi ni ruhusa aliyojipa, kwa kuwa anajua kesho ataambiwa "alikuwa amelewa". Jamii inayotoa udhuru huo inashiriki kuuzalisha. Na hapa tunaiona hekima ya Sharia kukataza hata kukaa kwenye meza inayonywewa ulevi, kwani barazani ndipo udhuru huo unapofundishwa.

Kwa upande wa haki za watu, mlevi hasalimiki. Mali aliyoiharibu atailipa, na hili halina khitilafu, kwani hata mtoto mdogo na mwendawazimu hulipiwa walichoharibu kutoka katika mali zao. Ama jinai za kumwaga damu, jumhuri ya wanazuoni wanamhesabu aliyelewa kwa kujitakia kuwa ni mwenye dhima kamili.

Linabaki suala zito zaidi, ambalo maimamu wanagongewa mlango kwa ajili yake: talaka ya mlevi. Wanazuoni wamegawanyika.

Kauli ya kwanza ni kwamba talaka yake inapita. Ni kauli ya Abu Hanifa na Malik, ndiyo iliyotegemewa katika madhehebu ya Shafi yanayofuatwa na wengi wa Waislamu wa Afrika Mashariki, na ni mojawapo ya riwaya kutoka kwa Ahmad. Hoja yao ni kuwa aliondoa akili yake kwa maasi, na maasi hayampi mtu tahfifu. Wamemtoa humo aliyelazimishwa kunywa, au aliyekunywa kitu bila kujua kuwa kinalevya. Huyo talaka yake haipiti.

Kauli ya pili ni kwamba haipiti. Imethibiti kutoka kwa Uthman bin Affan (r.a.), Umar bin Abdul Aziz alirejea kwake, na ndiyo chaguo la Muzani katika Mashafi, Tahawi na Karkhi katika Wahanafi, kisha Ibn Taymiyya na Ibn al-Qayyim. Hoja zao ni kuwa Qur'ani imemtaja mlevi kuwa hajui anayoyasema, na talaka haipo bila kusudio, kwamba Ma'iz alipokuja kukiri zinaa Mtume (s.a.w.) aliuliza kama amekunywa, mtu akasimama akamnusa kinywa, na kwamba Hamza hakuhukumiwa kwa maneno yake. Bukhari amekitaja kisa cha Hamza katika mlango wa talaka kwa sababu hii. Wa kauli ya kwanza hujibu kuwa wakati wa Hamza ulevi haukuwa maasi. Wa kauli ya pili huongeza kuwa mlevi ameshawekewa adhabu yake, na kupitisha talaka ni kuwaadhibu mke na watoto wasiokunywa. Nchini Misri, Sheria namba 25 ya mwaka 1929 ilichukua kauli hii ya pili.

Nasi hatukusudii kutoa fatwa ya jumla katika kurasa hizi. Lakini tunawanasihi maimamu mambo matatu. Kwanza, wasijibu barazani kwa neno moja "imepita" au "haikupita". Wamuulize mume alikunywa nini, anakumbuka nini katika aliyoyasema, na mke alisikia nini, kwani asemaye amelewa huku anakumbuka kila neno na sababu yake hayumo katika khitilafu hii. Imamu Shafi amenukuliwa akimweleza mlevi kuwa ni yule ambaye maneno yake yaliyopangika yamevurugika na siri yake iliyofichika imefichuka. Pili, suala lipelekwe kwa kadhi, kwa kuwa hukumu yake ndiyo inayoondoa khitilafu, na wawili hao wajitenge mpaka atakapohukumu. Tatu, mume asipewe fursa ya kuchagua madhehebu kila anapolewa: akitaka mke atafute kauli ya Uthman, na akimchoka atafute kauli ya Shafi. Huko ni kuichezea dini, na anayeumia ni mwanamke asiyejua kama ni mke au mtalaka.

"Sala yangu haikubaliwi"

Mnywaji wa tatu ndiye anayetuhuzunisha zaidi, kwa sababu mara nyingi sisi wenyewe ndio tuliomfundisha kauli yake. Amesikia katika mawaidha kuwa mwenye kunywa sala yake haikubaliwi siku 40, akahesabu, akaona hana haja ya kusali.

Hadithi hiyo ipo, imepokewa na Tirmidhi na wengineo. Lakini inaendelea kusema kwamba akitubia, Allah humpokelea toba yake. Isitoshe, wanazuoni wamefafanua, miongoni mwao Imamu Nawawi katika hadithi inayofanana nayo kuhusu mwenye kwenda kwa mpiga ramli, kwamba kinachokosekana ni thawabu, ama faradhi inaanguka na hatatakiwa kulipa. Basi anayekunywa akaacha na kusali amekusanya madhambi mawili, na la pili ni kubwa kuliko la kwanza. Wajibu wake ni kusali anapozindukana, na kulipa kilichompita.

Katika Sahihi ya Bukhari mna kisa cha mtu wa zama za Mtume aliyekuwa akiitwa Abdullah, mwenye mzaha wa kumchekesha Mtume (s.a.w.). Aliletwa mara nyingi kwa sababu ya ulevi, akapigwa. Siku moja mmoja wa waliohudhuria akamlaani kwa wingi wa kuletwa kwake. Mtume akamkataza kumlaani, akashuhudia kwamba mtu huyo anampenda Allah na Mtume Wake. Na katika riwaya ya Abu Huraira (r.a.) kuhusu mnywaji aliyeombewa fedheha, Mtume aliwakataza wasimsaidie shetani dhidi ya ndugu yao. Zingatieni: adhabu haikuondolewa kwa sababu ya mapenzi yale, wala mapenzi yale hayakukanwa kwa sababu ya ulevi.

Umar naye alilishika funzo hilo. Ibn Kathir ameleta katika tafsiri yake kwamba Umar aliuliza habari za mtu shupavu wa Sham, akaambiwa ameingia katika ulevi. Akamwandikia barua yenye aya za mwanzo wa Suratu Ghafir, zinazomtaja Allah kuwa ni mwenye kusamehe dhambi, kupokea toba, na mkali wa kuadhibu. Akawaambia waliokuwepo wamwombee. Mtu yule akawa anairudia barua ile, akiona imemtahadharisha na imemwahidi msamaha, hadi akalia na kuacha. Umar alipopata habari akawaelekeza wafanye hivyo wanapomwona ndugu ameteleza, wala wasiwe wasaidizi wa shetani juu yake.

Hitimisho

Ndugu maimamu na wanafunzi wa elimu, kauli tatu tulizozipima zina mzizi mmoja, nao ni kumfanya mnywaji awe shahidi wa nafsi yake. Sharia imemwondoa katika ushahidi huo mara tatu. Aliposema halewi, ilitazama kilichomo kwenye kikombe. Aliposema si yeye, ilitazama haki ya aliyedhulumiwa. Na aliposema ameshaangamia, ilitazama rehema ya Mola wake. Basi khutba zetu nazo ziwe na sehemu zote tatu. Anayefundisha ya kwanza peke yake humfukuza mtu msikitini, na anayefundisha ya tatu peke yake humwacha mke na watoto bila mtetezi.

Na tusisahau kwamba aliyezoea pombe kwa miaka mwili wake hutegemea, na kuiacha ghafla kwa aliyezama sana kunaweza kumletea degedege na hatari ya kifo. Kumpeleka hospitali asimamiwe na madaktari ni katika kumsaidia kutubia, na wala si kuionea haya dini. Jirani anayemsindikiza ndugu yake hospitali, akamlinda na baraza la zamani, na akamwachia nafasi safuni, amefanya kazi aliyoifanya Umar kwa barua.

Tunamwomba Allah (s.w.) azihifadhi akili zetu na nyumba zetu, awaponye waliotahiniwa kwa ulevi miongoni mwa ndugu zetu, na atujaalie kuwa wasaidizi wao juu ya shetani. Amin.

Wallahu aalam.